Herufi nono za bango na lebo: Cooper Black, Fredoka, Baloo 2 au mkono wa fundi?

Dada mmoja jirani yangu hapa Tabata, muuza karanga, alinisimamisha getini na simu mkononi. "Kaka, si wewe unayetengenezaga matangazo? Nataka zile herufi zilizonona, za duara duara, kama mtu kaandika kwa mkono. Siyo hizi za barua ya mahakama." Akanionyesha picha nne alizozipiga mitaani: kibanda cha chipsi, geti la chekechea, duka la vitambaa, na ukuta wa saluni. Zote zilikuwa nono, zote za mviringo, na hakuna iliyofanana na mwenzake.

Picha zile nne ndizo chaguo nne ambazo watu wengi hukwama katikati yake: Cooper Black, Fredoka, Baloo 2, na ya ukutani ambayo si fonti (seti ya herufi za kompyuta) kabisa bali ni brashi ya fundi. (Atakayeuliza Comic Sans iko wapi: ile ilichorwa na Vincent Connare wa Microsoft miaka ya 1990 kwa ajili ya maneno ya kwenye vibonzo. Ina hisia ya mkono, lakini ni nyembamba, na ukiinenepesha inavimba tu. Leo tunaiacha.)

## Kabla hujapenda umbo

Kuna mambo matano ninayoyaangalia, na la kwanza ndilo linaloamua zaidi ya nusu ya kesi.

Ni vitundu. Kiswahili ni lugha ya a. Andika "karanga za kukaanga" na uhesabu: herufi 17, na kati yake a ni 7. Kila a ina kitundu ndani, na kadiri fonti inavyonenepa ndivyo kitundu kinavyobanwa. Kwenye skrini utakiona. Ukichapa kwa wino wa bei nafuu, au fulana ikipigwa wino mzito, kitundu kinaziba na neno linabaki safu ya vidonge. Sampuli zinazowekwa mtandaoni kutangaza fonti nyingi ni za Kiingereza, kwa hiyo hazikwambii kitu kuhusu neno lako. Jipimie mwenyewe: chapa neno lako kwa ukubwa utakaotumika, litoe fotokopi, kisha itoe fotokopi ile fotokopi. Kama a na e bado zinapumua, endelea.

La pili ni ng'. Mwenye bucha hawezi kuikwepa. Ritifaa, kile kialama cha juu baada ya g, ikiwa nene, na ikapewa nafasi pana pande zote mbili, NG'OMBE linageuka kuwa maneno mawili, NG na OMBE. Fonti nyingi zina kasoro hii, maana waliozichora hawakuwa wakiwaza ng'ombe.

La tatu ni urefu wa maneno yetu. "Tunapokea oda za sherehe" haliingii kwenye upana uleule wa neno fupi la kigeni. La nne ni mahali herufi zitakapokaa: simu, lebo ya kopo, stika ya gari, bati, ukuta. La tano ni haki na upatikanaji, yaani je, unaruhusiwa kuitumia kibiashara, na je, kompyuta ya mtu atakayekuchapia inayo?

## Cooper Black

Ilikotoka. Oswald Bruce Cooper alikuwa mchoraji wa herufi mjini Chicago, akiwaandikia watu matangazo kwa mkono. Mwaka 1922 kiwanda cha herufi za madini cha Barnhart Brothers & Spindler, cha mji huohuo, kilitoa Cooper Black. Cooper anakumbukwa kwa utani kwamba hii ni fonti ya wachapaji wanaoona mbali wenye wateja wasioona mbali.

Ili uone mkono uko wapi, andika o moja na uikuze mpaka ijaze skrini. Kitundu chake hakisimami wima. Kimeegemea kushoto, kama yai lililolalia ubavu. Huo ni mwegamo wa kalamu ya ncha bapa iliyoshikwa upande, na ulibaki pale hata herufi ilipogeuka kuwa ya madini. Kisha tazama miguu ya n na h: haikukatwa kwa rula, imevimba kama donge la unga lililobonyezwa kidogo na kidole. Mstari ulionyooka kabisa humo utautafuta. Kampuni ya ndege ya easyJet ya Uingereza imeibeba tangu 1995, nyeupe juu ya rangi ya chungwa, na ujumbe ni uleule ambao mwenye kibanda cha chipsi anautaka: njoo, hapa hatuna makuu.

Kwenye neno la Kiswahili. Jina fupi linapendeza mno: Karanga, Uji, Mama, Bites. Tumia herufi ndogo baada ya ile ya kwanza. Ukiandika yote kwa herufi kubwa, ule uchangamfu unatoka na unabaki na ukuta mweusi. Ritifaa yake ni nzito kama koma iliyopandishwa ghorofani, hivyo ng' lazima uisogeze kwa mkono mpaka g na o zikaribiane. Na ni pana. Sentensi ya maneno matano inakula bango zima.

Kwenye karatasi, stika na ukuta. Kubwa, hakuna inayoishinda kwa uzito. Ndogo, ina matatizo: a yake ina kitundu kidogo chini ya mkunjo wa juu, na chini ya ukubwa wa pointi 12 hivi naanza kuwa na wasiwasi. Usiandikie viungo vya bidhaa wala namba ya simu. Kwenye stika za kukatwa kwa mashine, ncha zake za mviringo ni faida, kwa sababu stika huanza kubanduka kwenye kona kali.

Kuipata. Huja pamoja na Microsoft Office, kwa hiyo steshenari nyingi zinayo, ila si zote. Niliwahi kupeleka faili la Word lenye kadi za mchango wa harusi kwenye steshenari moja, nikaambiwa nirudi jioni. Jioni nikakuta kadi 50 zimechapwa kwa herufi nyembamba za barua ya kikazi. Kompyuta yao haikuwa na Cooper Black, ikaweka ilichokuwa nacho, na kijana wa pale hakuwa na namna ya kujua. Tangu siku hiyo napeleka PDF tu, faili linalobeba fonti zake ndani. Kazi unayoichapa ni yako, lakini faili la fonti si la kugawiana WhatsApp. Ukiitafuta ndani ya Canva, ile programu ya kutengenezea matangazo, usidanganyike na Cooper Hewitt: hiyo ni fonti nyingine kabisa, kavu, iliyotengenezewa jumba la makumbusho la New York. Anayetaka ulaini wa namna hii bila gharama aijaribu Fraunces iliyoko Google Fonts, maktaba ya fonti za bure mtandaoni. Ina kipimo cha kulainisha kona na inafika unene wa 900 (unene hupewa namba; kadiri namba inavyopanda ndivyo herufi inavyonona).

Inamfaa nani. Mwenye jina fupi, bango kubwa, na biashara inayotaka kuonekana kama ipo tangu enzi za wazee hata kama imefunguliwa juzi.

## Fredoka

Ilikotoka. Ilianza kama Fredoka One ya Milena Brandão, unene mmoja tu, kisha ikapanuliwa na kuongezewa Kiebrania. Mistari yake ina unene unaokaribia kulingana kila mahali na miisho ya duara, kama krimu iliyokamuliwa kwenye koni na mpambaji wa keki asiyetetemeka. Kuna mkono, lakini ni mkono mtulivu sana. Anayetaka kasoro za kibinadamu ataiona safi kupita kiasi.

Kwenye neno la Kiswahili. Hapa inapata alama nyingi. Unene wake unaanzia 300 hadi 700, na upana unaanzia asilimia 75 hadi 125. Ukikwama na "Tunapokea oda za sherehe", chagua upana mdogo. Usivute kona ya kisanduku kulibana neno: ukifanya hivyo mistari ya wima inakonda, ya mlalo inabaki minene, na jicho la mteja linajua kuna kitu hakiko sawa hata asipoweza kukitaja. Unene wa mwisho haufikii giza la Cooper Black, na kwa ajili hiyo vitundu vya a vinabaki wazi zaidi.

Kwenye karatasi, stika na ukuta. Ni nzuri kwenye simu, nzuri kwenye lebo. Kwa maandishi madogo shuka mpaka 500 na mwonekano hautapotea. Kwa mbali sana, juu ya bango la barabarani, inahitaji ukubwa zaidi ili ipige kelele sawa na Cooper Black.

Kuipata. Bure kutoka Google Fonts, kwa leseni inayoruhusu biashara, na Canva inayo. Ukipakua, ndani ya folda utakuta mafaili ya upana tofauti. Msambazie anayekuchapia bila hofu. Angalizo moja tu: miundo ya zamani inaweza kuwa imetaja "Fredoka One", na kompyuta yenye "Fredoka" peke yake haitajua kuwa hao ni ndugu.

Inamfaa nani. Chekechea, duka la watoto, keki, vifurushi vya sabuni za kienyeji, na yeyote mwenye maneno mengi. Sijawahi kuipendekeza kwa duka la dawa. Labda ni ushamba wangu, lakini dawa iliyoandikwa kama keki inanipa mashaka.

## Baloo 2

Ilikotoka. Mumbai, kwa wabunifu wa Ek Type. Walichora herufi za Kilatini, hizi tunazoandikia Kiswahili, pamoja na za maandishi ya India, kila moja kwenye faili lake, na majina yakawa ukoo mzima wa akina kaka: Baloo Bhai ni ya Kigujarati, Baloo Thambi ya Kitamil, Baloo Bhaijaan ya maandishi ya Kiarabu. Watu wa pwani neno bhai hawahitaji kutafsiriwa.

Umbo lake ni zito na jepesi kwa pamoja. Zile ncha ndogo zinazochomoza pale mgongo wa n unapokutana na mguu zimeondolewa, mstari unapita bila kujikwaa, kama brashi ambayo haikuinuliwa. Kwa macho yangu mkono wake unaonekana kuliko wa Fredoka na kidogo kuliko wa Cooper Black.

Kwenye neno la Kiswahili. Si pana sana, na unene ni wa hatua tano, 400 hadi 800. Kwa kichwa cha habari chukua 800, kwa maelezo shuka mpaka 500. Kasoro itakayokushangaza siku ya kwanza ni nafasi kati ya mistari. Kwa kuwa fonti hii inabeba maandishi ya Kihindi yenye alama juu na chini ya herufi, imetengewa nafasi kubwa, na Kiswahili chako cha mistari miwili kitaonekana kama kimegombana. Nenda kwenye mpangilio wa mistari, punguza mpaka ipatane. Kwenye vitufe vya tovuti au programu hali ni hiyohiyo: neno litakataa kukaa katikati, litaelea juu au chini kidogo, na itabidi ulisukume mwenyewe.

Kwenye karatasi, stika na ukuta. Ni ya katikati kwa kila kitu. Lebo sawa, fulana sawa, stika sawa.

Kuipata. Bure, leseni ileile ya wazi, Google Fonts.

Inamfaa nani. Mwenye bango la lugha zaidi ya moja. Duka la vitambaa lenye Kiswahili na Kigujarati, mgahawa wa Zanzibar au wa Waswahili wa Maskati unaotaka jina kwa Kilatini na Kiarabu: hapa ndipo Fredoka na Cooper Black zinaishiwa nguvu. Mara nyingi watu hubandika Kiarabu chembamba cha kompyuta pembeni ya Kiswahili kinono, na bango linaonekana kama la maduka mawili. Ukichukua Bhaijaan, lugha zote mbili zinatoka mkono mmoja.

## Mkono wa fundi

Ulikotoka. Kwa mtu anayeishi mtaa wa pili. Niliyemwangalia mimi alifunga uzi uliopakwa chaki kutoka msumari hadi msumari, akauvuta na kuuachia, tap, mstari ukabaki ukutani. Akapiga wa pili juu yake. Kisha akahesabu herufi kwa midomo, akatafuta ya katikati, akaanzia hapo kwenda pande zote mbili. "Ukianzia kushoto," akaniambia bila kugeuka, "mwisho wa ukuta unakusubiri na panga." Ni kweli, na kila mtaa una ushahidi wake: KARIBU kubwa kwa raha zake, halafu WATEJA imejikunyata kwenye kona.

O aliichora kwa mivuto miwili, ubavu wa kushoto juu hadi chini, kisha wa kulia, na mivuto ikakutana kwa ulaini ambao fonti zote tatu hapo juu zinauiga.

Kwenye neno la Kiswahili. Hapa ng' haina shida. Fundi anaiweka pale jicho linapotaka, na a saba anaziachia vitundu kulingana na ukuta. Hata hivyo si mhariri. Mwandikie maneno kwenye karatasi, herufi kubwa, wazi, na usome naye kabla brashi haijagusa rangi. Kumwambia kwa simu "andika tunakaanga" ni kujitafutia "tunakanga".

Kwenye karatasi, stika na ukuta. Ukuta wa plasta mbaya na bati la migongo havishiki stika vizuri. Rangi ya mafuta inashika. Kwenye lebo na WhatsApp, hata hivyo, huna kitu mpaka upige picha na mtu akae kuichora upya kwenye kompyuta. Na ukirudi mwakani kuongeza neno moja, herufi zake hazitafanana kabisa na za mwanzo, hasa kama fundi ni mwingine.

Kuupata. Bei ni ya mapatano na rangi mara nyingi unanunua wewe. Hakuna leseni ya kusoma, lakini mchoro ni kazi yake ya sanaa. Ukikusudia kuugeuza nembo ya kubandika kwenye kila kopo, mwambie kabla, mkubaliane malipo, na muandikishane hata kama ni kwenye daftari.

Unamfaa nani. Mwenye eneo moja lisilohama: kibanda, saluni, gereji, bucha. Na anayetaka herufi ambazo hakuna mwingine anazo.

## Sasa wewe uko wapi?

Mwenye bucha mwenye ukuta na "nyama ya ng'ombe na mbuzi" aende kwa fundi kwanza. Akitaka bango la kuchapwa, Cooper Black itampa uzito, ila akae na mchapaji wakisogeza ritifaa pamoja.

Mwalimu wa chekechea mwenye geti, daftari za taarifa na ukurasa wa WhatsApp atapumua na Fredoka, kwa kuwa familia moja inamaliza kazi zote tatu. Kikundi cha fulana za harusi au cha kina mama kina uhuru zaidi: jina la kikundi kwa Cooper Black kifuani, tarehe na majina madogo mgongoni kwa Baloo 2 au Fredoka. Kuchanganya mbili kunaruhusiwa. Tatu kwenye fulana moja, hapana.

Anayefanya kila kitu kwa simu, bila kompyuta, aiache Cooper Black mpaka apate mtu wa kumsaidia. Fredoka na Baloo zinapatikana ndani ya Canva bila kuhangaika. Mwenye wateja wa Kiarabu au Kigujarati aanze na Baloo, na akiona haimpendezi, walau atajua kipimo cha kulinganishia fonti nyingine.

Dada wa karanga nilimchapia lebo tatu za ukubwa halisi, tukazibandika kwenye makopo, tukayapanga juu ya ukuta wa geti na kurudi nyuma hatua kumi. Cooper Black ilionekana kwanza, ila "karanga za kukaanga" ilibidi iwe mistari mitatu na namba ya simu ikakosa pa kukaa. Baloo aliipenda mpaka alipoiona Fredoka ikiingia mistari miwili. Lebo zikawa za Fredoka. Kibandani anamtaka fundi, na mara ya mwisho nilipopita walikuwa bado wanavutana kuhusu nani ananunua rangi.